Zamu ya Mama Mayai

Wahenga walisema mtoto akililia wembe mpe. Wahenga hao, kwa heshima zote, hawakuwahi kuwa na karakana ya vioo. Mimi ninayo, hapa hapa kwenye chumba cha mbele cha nyumba yangu, na pamoja na umri huu bado nasimama mezani tangu asubuhi nikikata vioo vya madirisha, vya makabati, na zaidi ya vyote vya fremu za picha. Watu wananiita Fundi Kioo. Wanaonijua vizuri zaidi wananiita Pilipili, ila si mbele yangu.

Sipendi mtu anayedhani kazi hii ni rahisi, kwa hiyo acha nieleze. Kioo hakikatwi kama kitambaa. Unakilaza juu ya meza iliyotandikwa blanketi, unaweka rula, unachovya kwenye mafuta ya taa kile kikalamu chenye kigurudumu kichwani, tunachokiita almasi ingawa almasi yenyewe haimo, halafu unakwaruza mstari mmoja kutoka ukingo mpaka ukingo. Husiti. Hurudii. Mstari ukiwa safi, unakibonyeza kioo kidogo kwenye ukingo wa meza na chenyewe kinaachia kwa adabu. Lakini mtu akikupigia kelele katikati ya mstari, mkono ukacheza, kioo kinakwenda kinakotaka chenyewe, na hasara ni yako peke yako.

Sasa chukua kazi hiyo, halafu weka ndani yake mtoto wa miaka mitano.

Mjukuu wangu tunamwita Kengele. Ana jina lake zuri la kwenye cheti, lakini tangu alipojua kutamka neno "mimi" hakuna aliyelikumbuka tena. Ni mtoto mwenye furaha, mwenye akili nyepesi, na mwenye sauti inayoweza kumwamsha mlinzi wa zamu. Kwake yeye, hakuna jambo dogo. Kiu ni dharura, kamba ya kiatu ikifunguka ni dharura, na inzi akitua ukutani ni habari ambayo babu lazima aipate sasa hivi, nusu yake apewe kwa mdomo na nusu kwa kuvutwa shati.

Mama yake ni binti yangu wa pekee, muuguzi, na kazini walimhamishia zamu ya mchana. Baba yake mtoto ni dereva wa malori, leo yuko, kesho tunasikia yuko mpakani. Basi binti yangu akaja na mtoto mkono mmoja na mkoba mkono mwingine, akaniarifu kwamba Kengele akitoka chekechea atakuwa anashinda kwangu mpaka jioni. Nasema akaniarifu kwa sababu binti yangu haombi. Tangu zamani yeye anaarifu, na mimi siku zote nilisema huo ni ukali wa mama yake, Mungu amlaze pema.

Alisimama mlangoni akaviangalia vioo vilivyoegemezwa ukutani kama mkaguzi wa afya aliyeingia jikoni. Akaangalia misumari, akaangalia vipande kwenye ndoo, akamwangalia mwanawe ambaye tayari alikuwa anaikimbilia ndoo. Akamdaka kwa nyuma ya gauni. Halafu akasema tutajaribu mpaka mwisho wa mwezi, na kama mtoto hawezi kutulia mimi nikiwa na kioo mkononi, atakwenda kukaa kwa shangazi yake, dada wa baba yake.

Shangazi huyo ni mtu mzuri, sina neno naye. Ila anakaa mji mwingine, safari ya kutwa nzima kwa basi, na mtoto angerudi kwetu likizo kwa likizo akiwa amezidi urefu na amezoea watu wengine. Nilimjibu binti yangu kwamba sawa, kana kwamba ananiambia bei ya nyanya. Lakini haikuwa sawa hata kidogo. Tangu bibi yake Kengele atutoke, nyumba hii ilikuwa na sauti mbili tu, yangu na ya redio, na redio nilikuwa nimeshaanza kubishana nayo. Nilimtaka yule mtoto. Nilimtaka na kelele zake zote.

Wiki ya kwanza ilinitoa kijasho. Nikiinama tu mezani, nikipumua, nikianza mstari, nyuma yangu inapigwa "Babuuu" moja ya kutikisa mabati. Kioo cha kabati la watu kikaenda. Kioo cha dirisha la duka la dawa nacho kikaenda. Mimi nikafoka, yeye akalia, mimi nikajisikia vibaya nikambeba, yeye akanyamaza akaniuliza kwa nini kioo kimekatika vibaya.

Nikaona hapa panahitaji mafunzo. Nikachora mstari wa chaki sakafuni, hatua chache kutoka mezani. Nikamweleza kwamba babu akiwa na almasi mkononi, chaki haivukwi. Mtu akihitaji msaada anasimama kwenye chaki, ananyoosha mkono, anasema kwa sauti ya chini, "Babu, samahani, naomba unisaidie," halafu anasubiri. Kengele aliyapokea maneno hayo kama wimbo. Aliyasema vizuri, kwa madaha, na mkono ameunyoosha mpaka mwili ukalala upande mmoja. Nilijipongeza. Nikageuka, nikashika almasi, nikaanza mstari. "Babuuu, nimesahau unaanza samahani au unaanza naomba."

Nilijaribu mengine. Nilimwahidi pipi kila anapoomba kwa adabu, na ndani ya siku moja akajua kuomba pipi kwa adabu, mfululizo, bila kuhitaji kitu kingine chochote duniani. Nilijaribu kutomjibu kabisa anapopiga kelele, nikagundua kuwa pumzi za mtoto ni ndefu kuliko subira ya mzee. Jirani yangu anayeshona viatu, ambaye tumetenganishwa na ukuta tu na alikuwa anasikia yote, aliniletea busara zake. Akaniambia subira yavuta heri. Nilimwambia kwamba yeye akishtuliwa anatoboa soli, na soli haivunjiki vipande vipande, kwa hiyo heri yake aivute kimya kimya upande wake wa ukuta.

Kisha ikatokea siku moja Kengele alitulia. Nilikuwa nimemwambia subiri, nikazama kwenye kazi, na mchana mzima sikusikia kitu. Nilipogeuka nikamkuta amelala sakafuni, shavu kwenye chaki. Nikamfunika koti langu, nikamwita fundi viatu aje aone. Nikamwambia huyu sasa ameiva. Nilikuwa na raha siku ile, hata chai niliinywa nikiwa nimekaa.

Kesho yake walikuja wateja wawili, nami lazima niwaeleze, maana mambo yote yalitokea hapo.

Wa kwanza tunamwita Meneja. Anasimamia nyumba ya wageni kule mwisho wa barabara, mtu mwenye tumbo la mbele na sauti ya mbele zaidi. Yeye huanza kuongea akiwa bado njiani, kwa hiyo akifika mlangoni tayari yuko katikati ya lawama. Siku hiyo alitaka kioo cha kujitazamia cha chumba fulani, wageni wananyolea wapi, mimi ni fundi gani, ameagiza tangu juzi. Akaipiga meza yangu kwa kiganja. Mimi nina hasira, lakini sina hasira za kushindana na mtu wa namna hiyo, nataka tu aondoke. Nikaiweka pembeni kazi niliyokuwa nayo, nikamkatia kioo chake palepale, nikakifunga kwenye magazeti, akaondoka nacho bila hata ya ahsante.

Wa pili alikuwa Mama Mayai. Huyu anauza mayai nyumba kwa nyumba, trei juu ya trei kichwani, na sijawahi kusikia amevunja hata moja. Sauti yake ni ya chini mpaka unapunguza redio ili umsikie. Aliniletea picha ya marehemu mama yake niitie fremu na kioo, na tangu hapo kila akipita na mayai yake husimama nje ya mlango, hushusha trei polepole, na kusema samahani fundi, naomba kuulizia ile picha, kama hujabanwa. Nami kila mara humwambia kesho, mama. Sikumwambia hivyo kwa ubaya. Kesho ndiyo salamu yetu sisi mafundi. Mshonaji anayo, seremala anayo, hata fundi bomba aliyeacha maji yanamwagika barazani kwako anayo. Siku hiyo nikamwambia tena kesho, mama, naye akasema ahsante, akajitwisha, akaenda. Ahsante ya nini, sijui.

Kengele alikuwa amekaa kwenye mkeka wake akijenga nyumba kwa vipande vya mbao za fremu. Aliona yote. Mama Mayai alipokunja kona, nikarudi mezani, nikaweka rula, nikaanza mstari, na nilipofika katikati ukapigwa ukelele mmoja wa kuniita kwa sababu paa la nyumba yake limeanguka. Kioo kikapasuka kutoka pale nilipofika mpaka kwenye kona, na kipande kikaruka kikaanguka sakafuni, upande wake wa chaki, si mbali na vidole vyake vya miguu.

Hakuumia. Naandika hivyo upesi kwa sababu hata sasa nikikumbuka moyo unakwenda mbio. Nilimnyanyua nikamkalisha juu ya stuli, nikafagia, na sikufoka. Nilishaishiwa kufoka. Niliona wazi kwamba binti yangu yuko sahihi na kwamba mtoto huyu atapanda basi.

Nikachuchumaa mbele yake. "Nilikufundisha kuomba vizuri, au sikukufundisha?"

"Ulinifundisha."

"Sasa kwa nini huombi vizuri?"

Kengele alifikiri. Si kwamba alikuwa anatafuta uongo, huyu mtoto akidanganya hucheka kwanza. Alikuwa anatafuta namna ya kunieleza nielewe.

"Ukiomba vizuri hupewi, babu."

Nikamuuliza nani amemfundisha maneno hayo.

"Mama Mayai anaomba vizuri. Anasema samahani, anasema naomba, halafu anasubiri. Hajapewa picha yake. Yule baba mwenye tumbo hasemi naomba, na yeye anapewa." Akaona bado sijafika, akaniongezea. "Na mimi jana niliomba maji vizuri. Ukasema subiri. Nikasubiri mpaka nikalala."

Nilitoka uani. Nilitoka kwa sababu nilikuwa na hasira, na kwa mara ya kwanza kwa muda mrefu sikuwa na wa kumkasirikia. Nilipiga teke ndoo, ndoo haikuwa na kosa. Nilisimama pale nikimtafuta mtu wa kumlaumu, chekechea, mama yake, shangazi, zama hizi, na kila nikizunguka narudi kwenye lile neno. Hupewi. Mtoto alikuwa ameniona vizuri kuliko nilivyojiona. Nilikuwa nimechora chaki sakafuni kumfundisha adabu, na huku upande wangu wa chaki, mchana kutwa, namfundisha kwamba adabu hailipi. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na yeye tumbo lake alilipenda, akachagua kupiga kelele. Ningekuwa yeye ningechagua hivyo hivyo.

Nikarudi ndani, nikampa maji. Halafu nikaanza kuitafuta picha ya Mama Mayai.

Niliikuta chini ya rundo la kadibodi, nyuma ya kalenda ya mtu. Ilikuwa picha ndogo, ya zamani, imechoka kwenye kona. Mwanamke amesimama kando ya kiti, mkono mmoja juu ya kiti, anamtazama mpiga picha kama anayesema fanya haraka nina kazi. Nilikuwa nimekaa na mama wa watu miezi yote hiyo chini ya kalenda. Nikafuta vumbi, nikapima, nikachagua mbao nzuri ya rangi nyeusi yenye mstari mwembamba.

Kengele alikuja mpaka kwenye chaki kutazama. Akaniuliza kama Mama Mayai amekuja amepiga kelele.

Nikamwambia hapana, hakupiga. Ni zamu yake tu.

Nilikuwa nimeshakata mbao na gundi inashika, sasa nataka kukata kioo, nikamsikia Meneja anakuja. Unamsikia kwanza halafu unamwona. Kile kioo alichochukua kilikuwa kifupi kuliko ukuta wake, kwa kuwa yeye mwenyewe alinipa vipimo kwa kunyoosha mikono, sasa anataka kingine na anakitaka akiwa amesimama. Meza ikapigwa kiganja. Mjukuu wangu akawa anatazama, macho kwangu, macho kwa Meneja, kama mtu anayeangalia mpira na timu yake imefungwa tayari.

Kwa kweli nilitamani kumkatia. Mkono ulishaanza kwenda kwenye kioo kikubwa. Ningemaliza upesi, angeondoka, masikio yangu yangepumzika, na picha ile imeshasubiri sana, ingesubiri tena kidogo. Lakini yale macho yalikuwa juu yangu.

Nikamwambia Meneja asubiri, kuna mtu mbele yake.

Akageuka huku na huku. "Mtu gani? Mbona simwoni?"

"Hayupo. Lakini yuko mbele yako."

Alisema maneno mengi, mengine ya kweli. Nikainama, nikakata kioo cha picha ile, kioo kidogo, mstari mfupi, na katika maisha yangu sijui kama nimewahi kukata mstari uliokuwa mgumu kama ule, na jitu zima linanguruma juu ya kichwa changu. Kikaachia vizuri. Meneja akaondoka akiubamiza mlango mpaka vioo vyote ukutani vikajibu. Nilidhani nimempoteza. Baadaye alirudi, sauti imepungua kiasi, maana fundi mwingine wa vioo yuko mbali na yeye pia ana kesho zake. Lakini mchana ule sikujua hilo. Nilijua tu kwamba Kengele amekaa chini kwenye chaki, ameweka mikono mapajani, na amenyamaza, na si kwa usingizi.

Mama Mayai alipopita tena aliishusha trei, akaanza samahani zake, nami nikamkatiza, nikamletea picha mlangoni. Aliipokea kwa mikono miwili. Aliitazama muda mrefu. Kisha akamsalimia mama yake, shikamoo mama, taratibu, pale pale barazani, kama vile wamekutana njiani. Mimi nikajifanya natafuta misumari. Kengele alikuja akasimama kando yake akaitazama picha, akamwambia, "Uliomba vizuri, ukapewa," naye Mama Mayai akacheka hata akajifuta macho.

Jioni ile ile mtihani wangu ulianza. Nilikuwa katikati ya kioo cha dirisha, nikasikia nyuma yangu sauti ya chini ambayo sikuitambua. "Babu, samahani, naomba maji." Nikasema nimekusikia, nikimaliza mstari huu nakuja. Nikamaliza mstari. Kulikuwa na mstari wa pili unaongoja na mkono ulishazoea kuunganisha, lakini nikaweka almasi chini, nikaenda, nikamimina maji. Akanywa mafunda mawili akanirudishia kikombe. Hakuwa na kiu hata chembe. Alikuwa ananipima.

Alinipima wiki nzima. Aliomba maji mpaka akawa anashinda chooni. Aliomba nimfunge kiatu ambacho alikuwa amekifungua mwenyewe, nilimwona. Nilifunga. Nilijifunza kutosema subiri kavu kavu, maana kwa mtoto subiri isiyo na mwisho ni sawa na hapana. Nilisema subiri mpaka mstari ufike ukingoni, na yeye anaweza kuuona ukingo, basi anasimama anautazama mstari unavyokwenda, midomo imebana, na ukifika anapumua pamoja nami. Nikamwambia pia yale yasiyosubiri, damu, moto, na mtu asiyemjua akimshika mkono. Hapo atupe samahani na naomba, atumie kengele yote aliyopewa na Mungu. Hili alilipenda sana. Akaniuliza kama mende yumo. Tulijadili, tukakubaliana kwamba mende anasubiri.

Sisemi kwamba akawa malaika. Siku moja mende alikataa kusubiri na kioo kikaenda. Siku nyingine ni mimi niliyemjibu vibaya bila sababu, akanyoosha mkono kwenye chaki akaniambia, "Babu, samahani, naomba useme vizuri." Fundi viatu alicheka upande wa pili mpaka nikasikia nyundo inaanguka. Nikasema vizuri. Kwa jumla tulikuwa watu wenye furaha. Niligundua nafanya kazi haraka zaidi kwa kusimama mara nyingi kuliko nilivyofanya kwa kutosimama, jambo ambalo siwezi kulieleza na sitaki kueleweshwa. Na wateja wengine wa samahani na naomba, maana hakuwa Mama Mayai peke yake, walianza kupata vitu vyao, na baadhi yao walishtuka wakadhani naumwa.

Siku ya mwisho wa mwezi binti yangu alisema atakuja jioni. Akaja mchana, amebadilishana zamu na mwenzake, maana mkaguzi hatoi taarifa.

Mimi sikujua. Nilikuwa nakata kioo cha mbele cha saluni mpya, kioo kikubwa kuliko vyote nilivyogusa mwaka ule, kimejaa meza yote na kuning'inia kidogo. Mstari wake huwezi kuukata umesimama mahali pamoja, lazima utembee na rula hatua kwa hatua, na ukishaanza huna ruhusa hata ya kupiga chafya. Nilikuwa nimefika katikati. Joto lilikuwa limepanda, na Kengele, aliyeachwa na sweta lake la asubuhi, aliamua kulivua mwenyewe. Aliingiza kichwa kwenye mkono wa sweta. Kikakwama.

Nikasikia hatua zake zinapapasa zikija, zinasimama kwenye chaki. Kisha sauti kutoka ndani ya sufu. "Babu, samahani, naomba unisaidie. Ukimaliza."

"Nimekusikia. Mstari huu tu, nakuja."

"Haya."

Wakati huo huo mlango ukafunguliwa. Sikuweza kugeuka, macho yangu yalikuwa kwenye kigurudumu, lakini viatu vya kazini vya binti yangu navijua. Nikamsikia anavuta pumzi. Najua alichokiona, maana nimekifikiria mara nyingi tangu siku ile. Mwanawe amesimama bila kichwa, mikono yote juu kwa sababu sweta halikumpa njia nyingine, hatua chache kutoka kwenye kioo kirefu kuliko mlango, na babu yake amempa mgongo. Nikamsikia anaanza, "Ba—"

"Nani huyo?" likauliza sweta.

"Ni mimi, mama."

"Mama, usipige kelele. Njoo usimame kwenye chaki." Na kwa kuwa mama yake hakusogea, akamtuliza kama wakubwa wanavyowatuliza watoto. "Babu akisema anakuja, anakuja kweli."

Viatu vikatembea taratibu, vikasimama. Mimi nilikuwa na robo ya kioo bado na jasho linaniingia machoni, na nasema ukweli, nilitaka sana kugeuka. Nikatembea na mstari mpaka ukingoni. Nikabonyeza. Kioo kikaachia chote kwa pamoja, kimya, kikatulia kwenye blanketi.

Nikaweka almasi chini nikaenda kwa Kengele. Nilivuta sweta, kichwa kikatoka, nywele zimesimama wima, uso umelowa jasho, na hakuwa na wasiwasi wowote. Akaniambia ahsante, akaenda zake kwenye mkeka.

Binti yangu alibaki kwenye chaki. Alikuwa na sare zake za kazi, mkoba begani, na visigino vyake vimepangwa sawasawa nyuma ya ule mstari kama vya mtoto wa shule. Nikamuuliza, "Na wewe, mama, nikusaidie nini?" Niliuliza kwa utani. Hakucheka. Alitazama chini kwenye chaki. Nilimwona anayatafuta maneno, na nikaona yako mbali, kwamba ni maneno ambayo aliacha kuja nayo kwangu akiwa bado mdogo, na ndipo nikajua kwamba kuarifu kwake wala hakukutoka kwa mama yake.

"Baba, samahani," akasema. "Naomba ukae na mtoto. Mwezi huu unaoingia, na unaofuata. Peke yangu siwezi."

"Ndiyo, mama," nikasema. "Nitakaa naye."

Hakuondoka kwenye chaki. Aliendelea kusimama pale, mkoba unamteleza begani, kama mtu ambaye hakutegemea kujibiwa siku hiyo hiyo.